Kabla hamjakitafsiri kifungu cha 16: barua ya wazi kwa wanaoandika sheria zetu

Kwa Waziri wa Katiba na Sheria, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Mwandishi Mkuu wa Sheria, Tume ya Kurekebisha Sheria, na wabunge wa kamati inayoshughulikia katiba na sheria.

Waheshimiwa,

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Kazi hiyo tunaiunga mkono bila kusita, kwa sababu mtu hawezi kutii sheria asiyoweza kuisoma. Lakini viko vifungu ambavyo hata anayekijua Kiingereza vizuri haoni mpaka wake uko wapi. Vikitafsiriwa kama vilivyo, ukungu utahamia kwenye Kiswahili pamoja navyo, na safari hii utaingia katika lugha ambayo kila askari, kila mtendaji wa kata na kila mlalamikaji anadhani anaielewa. Tunaomba vifungu vya aina hiyo vinavyogusa uhuru wa maoni viandikwe upya kwanza, ndipo vitafsiriwe. Namba tunazotumia ni za sheria zilivyopitishwa na Bunge. Anayesoma Toleo la Marejeo la 2023 alinganishe na namba za humo.

Tuanze na kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015. Kinamtia hatiani anayechapisha kwenye mfumo wa kompyuta, kwa picha, maandishi, alama au namna nyingine yoyote, taarifa anayojua kuwa ni ya uongo, ya hadaa, ya kupotosha au isiyo sahihi, kwa nia ya kukashifu, kutishia, kunyanyasa, kutukana, au vinginevyo kuuhadaa au kuupotosha umma, au kushawishi kosa litendwe. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Hesabuni. Kuna aina 4 za taarifa na makusudi 7, na kati yake kote kuna "au". Hilo ni kosa moja lenye milango 28. Upande wa mashtaka hauhitaji kuthibitisha yote. Unachagua neno jepesi kuliko yote upande huu, "isiyo sahihi", na jepesi kuliko yote upande ule, "kuupotosha umma", na kosa limekamilika. Maneno mazito kama uongo na vitisho, ambayo ndiyo yaliyotumika kukitetea kifungu, hayaguswi kabisa.

"Isiyo sahihi" ndilo neno baya kuliko mengine yote. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024, idadi ya vifo iliyotangazwa na Serikali yenyewe ilipanda siku hadi siku. Hakukuwa na uongo hapo. Ndivyo uokoaji unavyokwenda. Sasa chukueni mtu aliyekuwa mtaani siku ya kwanza, akaandika idadi kubwa kuliko iliyotangazwa. Kwa kipimo cha siku hiyo taarifa yake haikuwa sahihi. Kwa kipimo cha wiki iliyofuata huenda alikuwa karibu na ukweli kuliko tangazo. Kifungu hakisemi usahihi unapimwa siku gani, wala kwa rula ya nani.

Mtatujibu kuwa kifungu kinadai mtu awe "anajua" na awe na "nia". Ni kweli, na mahakamani maneno hayo yana uzito. Tatizo ni kwamba yanapimwa mwishoni, wakati adhabu halisi inaanza mwanzoni. Malalamiko yakifika kituoni, simu inachukuliwa kuwa kielelezo. Kwa wakala wa fedha au dereva wa bodaboda, hiyo simu ndiyo duka lake. Inafuata dhamana na wadhamini, kisha hati ya mashtaka, kisha ahirisho baada ya ahirisho kwa kuwa upelelezi haujakamilika. Siku hakimu anapofikia kuuliza kama mshtakiwa alijua, mtu ameshamaliza akiba ya familia kwa nauli na wakili. Akiachiwa huru, majirani zake tayari wameshajifunza kunyamaza.

Tazameni pia adhabu yenyewe: ina sakafu, haina dari. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilichotangazwa Mei 1, 2025 ni shilingi 500,000 kwa mwezi, kwa hiyo faini ndogo kabisa ya kifungu hiki ni mishahara ya miezi 10. Hakimu anayeona kosa ni dogo amefungwa mikono upande wa chini, na anayetaka kuumiza haoni ndani ya kifungu kinachomzuia juu.

Inafaa hapa kutenganisha magonjwa mawili ambayo kwenye mjadala huchanganywa. Ukungu ni pale msomaji anaposhindwa kujua ni kitendo gani kimekatazwa. Upana uliopitiliza ni pale anapokijua, lakini katazo limewazoa pia watu ambao hakuna aliyekusudia kuwagusa. Sheria yenye upana wa namna hiyo ni kokoro: mvuvi anasema anamtaka samaki mkubwa, ila macho ya wavu ni madogo na vifaranga vyote vinaburuzwa ufukweni. Nchi hii imepiga marufuku kokoro kwa sababu hiyo hiyo. Dawa za magonjwa haya ni tofauti. Ukungu unaondolewa kwa kufafanua maneno. Upana unaondolewa kwa kupunguza eneo la katazo. Kifungu cha 16 kinaugua yote mawili, na ndiyo maana kuongeza tafsiri ya maneno peke yake hakutakiponya.

Sasa tuje kwenye Kiswahili, maana hapa ndipo hatari ilipo kubwa zaidi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilikataza, pamoja na mengine, maudhui yanayosababisha kitu ambacho kwa Kiswahili cha kila siku kinaitwa kero au maudhi. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12. Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena 2022, lakini desturi ya kuandika katazo kwa kutazama hisia za msikilizaji haijaisha. Kero katika siasa zetu ni neno la heshima. Mkuu wa wilaya anaitisha mkutano wa kusikiliza kero, mbunge anaomba aletewe kero. Mkiliweka neno hilo katika orodha ya makatazo, mwananchi atakuwa ameitwa kuleta jambo na kukatazwa kulileta kwa neno lile lile.

"Kutukana" nako kuna mzigo wake. Simba na Yanga ni watani wa jadi. Kila baada ya dabi ya Kariakoo simu za nchi nzima hujaa maneno ambayo, yakisomwa bila utani, ni matusi matupu, yakiwa na picha zilizochezewa na takwimu zisizo sahihi. Vipo pia utani wa makabila na wa mababu na wajukuu, ambao una kanuni zake na hata nafasi yake msibani. Sheria isiyosema tusi ni nini inamwachia mlalamikaji aamue leo kuwa utani umekwisha.

"Kupotosha" ni jepesi zaidi. Ofisi nyingi hulitumia kwa habari yoyote ambayo hazikuitoa zenyewe. Na "kutoridhika", ambako ndiko moyo wa kosa la uchochezi katika kifungu cha 52 cha Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, ni hali ya kawaida ya raia mwenye barabara mbovu. Uchaguzi huwekwa ili hali hiyo ipate pa kusemea. Tunakiri kwamba kifungu hicho kimeweka nafasi ya kuonyesha makosa ya Serikali. Lakini anayejitetea kwa nafasi hiyo anafanya hivyo akiwa tayari kizimbani.

Hatuombi jambo geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika shauri la Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu cha kunyima dhamana kwa sababu kiliandikwa kwa upana uliowagusa hata wasiokusudiwa. Katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, 1993, ikaweka mizani ambayo bado inatumika: sheria inayobana haki ya msingi lazima iwe na kinga dhidi ya maamuzi ya kiholela, na isibane kuliko inavyohitajika kufikia lengo lake halali. Ibara ya 18 ya Katiba inalinda maoni, ibara ya 30 inaruhusu mipaka, na ibara ya 64(5) inasema sheria inayopingana na Katiba ni batili. Mizani ni yetu wenyewe, imechongwa hapa hapa.

Machi 28, 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iliona kwamba vifungu vingi vya Sheria ya Huduma za Habari, vikiwemo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Hoja yake kuhusu uchochezi inafaa kubandikwa ukutani kwa kila anayeandika sheria: kosa linalotegemea jinsi wasikilizaji watakavyopokea maneno haliwezi kutabirika na msemaji, kwa hiyo hawezi kupanga mwenendo wake alikwepe. Majirani nao wamepita njia hii. Mahakama Kuu ya Kenya, Aprili 19, 2016, ilifuta kifungu cha 29 cha sheria yao ya mawasiliano kilichoadhibu ujumbe wa kuudhi. Mahakama ya Katiba ya Uganda, Januari 10, 2023, ilifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta kwa sababu ya ukungu huo huo. Nchi hizo bado zina polisi wa mtandao, na matapeli wao bado wanakamatwa.

Na nyumbani tumewahi kujirekebisha bila kusukumwa na hukumu. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu iliongezewa katazo la kusambaza takwimu zinazokusudia kubatilisha, kupotosha au kutilia shaka takwimu rasmi. Mtafiti aliyehesabu vizuri na kupata jibu tofauti alikuwa mkosaji mtarajiwa. Mwaka 2019 Bunge lilikiondoa kifungu hicho. Kilichowezekana kwa takwimu kinawezekana kwa maneno.

Kuna mtu mmoja ambaye hasemwi sana katika jambo hili: mpelelezi wa kituoni. Analetewa malalamiko na mtu mkubwa aliyeudhika. Sheria ikiwa nyembamba, anaweza kusema kwa adabu, "Mzee, hapa kosa halijakamilika, kipengele hiki hakipo." Sheria ikiwa pana, hana cha kukatalia, kila lalamiko linaingia mahali fulani. Kwa hiyo ukungu unamnyang'anya askari mwaminifu ngao yake, na jalada ambalo lingefungwa siku ya kwanza linakula muda wa kufuatilia wezi wa kweli.

Pendekezo letu kuhusu kifungu cha 16 ni kukifuta. Tamko la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu la 2019 linazitaka nchi zifute makosa ya uchochezi, matusi na habari za uongo, na hoja ya kivitendo iko upande wake: madhara yanayotajwa kukitetea kifungu tayari yana sheria zake. Tapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" anashughulikiwa na kifungu cha 12 cha sheria hiyo hiyo, udanganyifu kwa kompyuta. Anayejifanya mtu mwingine ana kifungu cha 15. Aliyekashifiwa ana shauri la madai.

Kama mtaona lazima pabaki kitu kwa ajili ya uzushi unaoua, kwa mfano mtu kutangaza kwa makusudi kuwa maji ya kisima fulani ni salama huku akijua yana sumu, basi kiandikwe hivi:

"Mtu atakuwa ametenda kosa iwapo atasambaza kwa umma taarifa ya jambo linaloweza kuthibitishwa, akijua kuwa jambo hilo si kweli, kwa kukusudia mtu adhurike mwili au mali, na madhara hayo yakatokea au yakawa karibu kutokea."

Angalieni kilichobadilika. "Au" nyingi zimegeuka "na". Taarifa imefungwa kwenye jambo linaloweza kuthibitishwa, kwa hiyo maoni yametoka nje: "barabara hii ni mbovu" ni maoni, "daraja limevunjika" ni taarifa. Kujua kunahusu uongo wenyewe. Kutokuwa sahihi hakumo. Madhara ni ya mwili na mali, yanayoonekana. Hadhi ya ofisi haimo. Adhabu iwe na ukomo wa juu, na ya chini iachwe kwa hakimu.

Kila kifungu kipya, kabla hakijaenda bungeni, kipitishwe kwa watu wanne wa kuwaziwa: tapeli wa simu, mwandishi aliyekosea idadi kisha akasahihisha, shabiki wa Yanga anayemtania wa Simba, na mama wa Buguruni anayelalamika kuwa maji ya bomba yana harufu wakati mamlaka inasema ni safi. Someni kifungu mara nne, kila mara mkiwa na mmoja wao, mkiuliza kama maneno yenyewe yanamgusa. Msijibu kwa kusema polisi hawatamkamata huyu. Busara ya polisi si sehemu ya maandishi. Kifungu kikimgusa mwingine yeyote zaidi ya yule wa kwanza, kirudi mezani.

Makosa yanayojirudia wakati wa kuandika upya tunayajua, na mengi ni madogo kwa macho. Mkia wa "na mengineyo" au "vinginevyo" hufuta ufafanuzi wote uliotangulia. Tafsiri ya neno inayorudi kwenye neno lenyewe, kama kusema maudhui yaliyokatazwa ni yale yasiyoruhusiwa, haiongezi chochote. Utetezi ukiwekwa kwenye kifungu tofauti, mzigo wa kuuthibitisha huangukia mshtakiwa. Uwekwe ndani ya kosa, ili upande wa mashtaka uthibitishe kwamba haupo. Katazo likifutwa kwenye sheria likarudishwa kwenye jedwali la kanuni, tumehamisha tatizo kutoka Bunge kwenda ofisi ya Waziri, ambako hakuna mjadala wa wazi. Makosa ya jinai yanayohusu maneno yabaki kwenye sheria zilizopigiwa kura.

Halafu kuna kosa ambalo ni rahisi sana kulisahau: kesi zilizopo. Chini ya Sheria ya Tafsiri ya Sheria, kufutwa kwa kifungu hakuzimi mashtaka yaliyokwisha kufunguliwa isipokuwa sheria inayofuta iseme hivyo. Kwa hiyo mswada uwe na kifungu cha mpito chenye sentensi mbili: mashtaka yote chini ya kifungu kilichofutwa yanakoma siku sheria inapoanza, na vielelezo, zikiwemo simu, vinarudishwa kwa wenyewe ndani ya siku 14. Sambamba na hilo, Mkurugenzi wa Mashtaka apitie majalada kabla ya siku hiyo, na waraka uende kwenye kila kituo cha polisi. India ni somo. Mahakama yao ya Juu ilifuta kifungu cha 66A cha Sheria ya Teknolojia ya Habari Machi 24, 2015. Miaka 6 baadaye suala lilirudi mahakamani kwa sababu vituo vya polisi vilikuwa bado vinakitumia kufungua kesi.

Mnaweza kusema wanaoona kifungu ni kibovu waende Mahakama Kuu. Mlango huo uliwahi kubanwa. Marekebisho ya 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, yalimtaka mlalamikaji aonyeshe kuwa yeye binafsi ameathirika. Maana yake ilikuwa kwamba kifungu chenye ukungu lazima kwanza kimuumize mtu ndipo kijadiliwe, na wale waliochagua kunyamaza ili wasiumie hawakuwa na pa kusimamia. Kwa kuwa njia ya mahakama inaweza kuwekewa sharti la namna hiyo, wajibu wa kukagua maneno mapema unawaangukia ninyi mlio na kalamu.

Tunachoomba kwa tarehe za karibu ni hiki. Orodha ya vifungu vinavyogusa maoni ambavyo tafsiri yake ya Kiswahili iko tayari, au inaandaliwa, itangazwe. Rasimu zake ziwekwe wazi kwa siku zisizopungua 60, Kiingereza na Kiswahili sambamba, kifungu kwa kifungu, ili wanaojua Kiswahili cha mitaani wawaambie neno fulani kule linabeba nini. Wakati huo kifungu cha 16, kifungu cha 52 na majedwali ya maudhui yaliyokatazwa yasitafsiriwe. Tuko tayari kukaa na waandishi wa sheria, Dodoma au hapa, tukiwa na rasimu zetu mkononi, bila malipo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Kundi la mawakili, wahariri na walimu wa sheria
Dar es Salaam